Dhamana ya Wasioweza Kujisemea

Tarehe 10 Julai 2024, Mahakama Kuu ya Pretoria katika Afrika ya Kusini ilitoa uamuzi unaomhusu kila mwenye cheo, awe raia au askari. Jaji Mmonoa Teffo, baada ya kusikiliza uchunguzi ulioanza mwaka 2021, alitamka kwamba mwenendo wa viongozi wawili wa idara ya afya ya jimbo la Gauteng ndio uliosababisha vifo vya wagonjwa tisa. Viongozi hao hawakushika silaha, wala hawakumwinulia mtu mkono. Walikuwa ofisini, na walichotumia ni mamlaka waliyopewa na umma.

Chanzo cha kesi hiyo ni cha miaka kadhaa nyuma. Kwa muda mrefu serikali ya Gauteng, jimbo lenye miji ya Johannesburg na Pretoria, ilikuwa ikiilipa kampuni iitwayo Life Esidimeni iwatunze watu wenye maradhi sugu ya akili. Miongoni mwa waliotunzwa walikuwamo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili: watu wazima kwa umri, lakini wasioweza kutaja majina yao, wanaohitaji kulishwa, kuvishwa na kupewa dawa ya kifafa kwa saa maalumu. Mtu wa namna hiyo hawezi kulalamika kwamba ana njaa. Uhai wake wote umo mikononi mwa anayemtunza, na anayemtunza naye anategemea mipango ya wakubwa.

Oktoba 2015, Bibi Qedani Mahlangu, aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo hilo, alitangaza kwamba mkataba na kampuni hiyo utavunjwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kupunguza gharama, na kutekeleza sera ya kuwatoa wagonjwa katika majumba makubwa na kuwarudisha karibu na jamii zao.

Sera hiyo peke yake haina ubaya. Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali zake za vichaa mwaka 1978, na sheria ya afya ya akili ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2002 nayo inahimiza matunzo ndani ya jamii. Lakini sera ni dira tu. Dira humwonyesha askari upande wa kwenda. Haimpi chakula cha njiani, wala haimvushi mto. Anayetaka kuwahamisha watu dhaifu sharti kwanza awe na nyumba zilizo tayari, wauguzi waliofunzwa, dawa, na fedha zinazofika kwa wakati.

Gauteng ilifanya kinyume. Zaidi ya wagonjwa 1,300 walihamishwa kwa haraka, na kazi ikatakiwa iishe ifikapo mwisho wa Juni 2016. Wengi wao walipelekwa kwa mashirika 27 yasiyo ya kiserikali, ambayo baadaye ilibainika kwamba leseni zake zote hazikuwa halali. Kampuni ya awali ilikuwa ikilipwa randi 320 kwa mgonjwa kwa siku. Mashirika hayo yalipangiwa randi 112, na hata hizo zilichelewa kufika. Wagonjwa wengine walisafirishwa kwa magari ya pikapu. Wengine, kwa kukosa viti vya magurudumu, walifungwa kwa mashuka. Wengi walifika bila vitambulisho na bila majalada ya matibabu, na jamaa zao walihangaika mji kwa mji wakiuliza ndugu zao walipo.

Haiwezi kusemwa kwamba hatari haikujulikana. Madaktari wa magonjwa ya akili walionya mapema. Familia za wagonjwa ziliandika, zikaandamana, zikaenda hata mahakamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wasema Waswahili. Lakini hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na walioumia ni wadogo.

Septemba 2016 baraza la jimbo liliambiwa kwamba wagonjwa 36 wamekufa. Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi mkuu wa malalamiko ya afya, alipotoa taarifa yake tarehe 1 Februari 2017, idadi ilikuwa imefika zaidi ya 94; Bibi Mahlangu alikuwa amejiuzulu muda mfupi tu kabla yake. Hatimaye ilithibitika kwamba waliokufa ni 144. Wapo waliokufa kwa njaa na kiu, na wapo waliokufa kwa maradhi ambayo yangezuilika.

Usuluhishi uliofuata uliongozwa na Jaji Dikgang Moseneke, mtu aliyefungwa kisiwani Robben kwa miaka kumi tangu akiwa mvulana kwa kupigania uhuru wa nchi yake. Machi 2018 aliamuru serikali ilipe randi milioni 1.2 kwa wengi wa waliodai, na akakataa sababu zilizotolewa za kuvunja mkataba. Mbele yake baadhi ya maofisa walieleza kwamba waliogopa kumpinga mkubwa wao. Mkubwa naye alieleza kwamba walio chini yake hawakumwambia ukweli. Hivyo kila mmoja alimtazama mwenzake, na katikati yao walilala maiti 144.

Hapo ndipo penye funzo kwa majeshi ya ulinzi na polisi. Kila askari anajua kwamba bunduki moja ikitolewa ghalani huandikwa namba yake, jina la aliyeichukua na saa aliyoichukua. Ikipotea, kambi nzima hailali. Katika Gauteng walihamishwa wanadamu bila hesabu ya namna hiyo. Kila askari anajua pia kwamba kamanda asiyetaka kusikia habari mbaya huishia kupigana vita asivyovijua, na kwamba utii wa kweli ni pamoja na kumwambia mkubwa, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba amri hii itaua watu bure.

Kwa polisi kuna funzo jingine. Mahakama iliweza kuvihusisha na viongozi hao vifo tisa tu. Kwa vilivyobaki ushahidi haukutosha. Kifo cha mtu asiyejiweza, ndani ya nyumba ya matunzo, kisiachwe kipite kwa kuandikwa tu kuwa ni cha kawaida. Kinastahili jalada na uchunguzi kama kifo cha mtu yeyote mwingine.

Tanzania iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini huko Kongwa na Mazimbu kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa. Tanzania yenyewe ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010. Lakini sheria hailishi mtu, na uhuru haumpi mgonjwa dawa. Hayo hufanywa na viongozi wanaokwenda wenyewe kuona, wanaohesabu watu kabla ya fedha, na wanaokumbuka kwamba asiyeweza kusema ndiye anayestahili kusikilizwa kwanza. Cheo ni dhamana. Na siku ya kutoa hesabu, hakuna atakayeulizwa alikuwa na nyota ngapi begani, bali aliowekewa mkononi wako wapi.