Kiwanja Kimoja, Bei Tatu

Mwezi uliopita baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alinijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi za rangi, zimepigwa chapa vizuri, zikieleza kwamba viwanja vya Kigamboni vinapanda bei kila mwaka, na kwamba atakayejenga nyumba za kupangisha huko atarudisha fedha zake upesi.

"Mwanangu," akaniambia, "huu ni utafiti. Nitie kiinua mgongo changu, au nisitie?"

Nilizisoma mara mbili. Michoro ilikuwa na mistari ya kupanda tu, lakini hazikusema bei zile zilitoka wapi. Nani alinunua, lini, na alilipa shilingi ngapi? Jina la waliozitoa nililiona ukurasa wa mwisho: ni hao hao wanaouza viwanja.

Tusiwalaumu wao peke yao. Hata mtafiti mwaminifu akija Dar es Salaam atapata taabu. Mwenye kiwanja humtajia dalali bei ya juu, na dalali huongeza yake. Wakishapatana na mnunuzi, wapo wanaoandika katika mkataba bei ndogo kuliko waliyopeana, ili kupunguza kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 10. Basi kiwanja kimoja kina bei tatu: ya tangazo, ya mkataba na ya mfukoni. Mtafiti akichukua ya kwanza amezidisha. Akichukua ya pili amepunguza. Ya tatu ndiyo ya kweli, nayo haikuandikwa popote.

Wenzetu wa Uingereza na Wales wana nafuu. Ofisi yao ya kusajili ardhi hutangaza bei iliyolipwa kwa kila nyumba, na kumbukumbu hizo zinaanzia mwaka 1995. Kenya, chama cha mabenki kilianza kutoa kipimo cha bei za nyumba mwaka 2015. Ni hatua nzuri, ila kipimo hicho huona nyumba zinazopitia benki tu, na mikopo ya nyumba nchi nzima mwaka 2023 ilikuwa takriban 30,000. Sisi, Sensa ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14. Kazi kubwa, lakini idadi ya nyumba haikuambii bei yake.

Mimi naona Serikali yetu ina pa kuanzia. Kila hati inapohamishwa, karatasi hupita mezani kwake. Kwa nini bei hizo zisitangazwe, bila majina, mtaa kwa mtaa? Najua nyingine zitakuwa za uongo. Lakini jirani akiona kiwanja cha karibu naye kimeandikwa nusu ya bei anayoijua, maswali yataanza.

Jumamosi moja tulivuka Daraja la Nyerere, baba mdogo na mimi. Wauzaji hatukuwauliza kitu. Tuliwauliza wapangaji: unalipa ngapi kwa mwezi, ulitakiwa miezi sita au mwaka mzima, maji unayapata wapi, na kabla yako chumba kilikaa kitupu muda gani? Mama mmoja wa genge alitueleza zaidi ya bahasha nzima. Nyumba mbili zilizomkabili, mpya, zenye vigae na geti la chuma, hazikuwa na mpangaji tangu kabla ya masika. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kushusha pango mara mbili, lakini bango lililokuwa getini lilibaki na bei ile ile ya mwanzo.

Nikamwambia baba mdogo kwamba kama bado ana nia, amlipe mthamini aliyesajiliwa, asiye na kiwanja cha kuuza, na apeleke namba ya hati ofisi ya ardhi ikaguliwe kabla hajatoa hata shilingi.

Hajanunua. Amenunua daftari. Kila Jumamosi hupanda daladala, huuliza pango na kuandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Juma lililopita alikuwa amefikia nyumba 31, na kati ya hizo, 9 hazina watu.