Kombe la Vijana wa Kusini-Mashariki mwa Asia, na Shauri la Nne la Alasiri

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumzie maendeleo ya michezo. Somo hilo ni pana mno kwa dakika ishirini nilizopewa, nami nina njaa kama ninyi. Kwa ruhusa yenu nitazungumzia mashindano mamoja tu ya kandanda, ya vijana wa chini ya umri wa miaka 19, yanayochezwa na timu za taifa za nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia.

Mtauliza, kwa nini kutupeleka mbali hivyo? Ni kwa sababu ya shauri la nne katika ajenda ya alasiri. Limeletwa pendekezo kwamba timu ya shule, iliyotwaa kombe la mkoa mwaka huu, itembezwe katika wilaya sita wakati wa likizo ikicheza mechi za maonyesho, ili viingilio vitupatie mabati ya bweni. Bweni hilo linavuja kweli. Nimelala humo miaka minne, na kitanda changu kilikuwa chini ya tundu. Lakini niliwahi kuona jambo la namna hiyo likifanyiwa timu ya taifa kubwa, na naomba mnisikilize kabla hamjanyosha mikono.

Mwezi wa Septemba 2013 ofisi ilinituma Indonesia, katika mji wa Surabaya, kwa mafunzo ya majuma sita juu ya kilimo cha umwagiliaji. Mwenyeji wangu alikuwa bwana shamba wa rika langu, ambaye nilimwita Pak, kama wanavyoheshimiana watu wa huko. Siku ya tatu tu alinigundua kuwa napenda mpira. Tangu hapo mifereji ilizungumzwa mchana, na jioni ilikuwa kandanda mpaka usingizi.

Wakati huo mashindano ya vijana yalikuwa yakichezwa mji wa jirani, Sidoarjo, mwendo mfupi kwa pikipiki. Huandaliwa na chama cha kandanda cha nchi za ukanda ule, nayo yalianza mwaka 2002. Wakubwa wake wa desturi ni Thailand, Vietnam, Malaysia na Myanmar, ile tuliyosoma darasani kwa jina la Burma. Australia nayo imo, na imelichukua kombe mara kadhaa, jambo ambalo Pak alilitaja kwa uso wa mtu aliyemeza shubiri. Indonesia, nchi yenye watu wengi kuliko zote hizo, ilikuwa haijalitwaa hata mara moja. Timu yake ya mwisho kuleta furaha kubwa nyumbani ilikuwa ile iliyopata medali ya dhahabu Manila, mwaka 1991. Watu walinihesabia miaka 22 kwa vidole, kama wanavyohesabu miaka ya ukame.

Basi tukaenda kutazama fainali, tarehe 22, Indonesia na Vietnam. Uwanja ulikuwa mwekundu mpaka kwenye ngazi. Vietnam ilikwisha kuwafunga wenyeji 2–1 katika makundi, kwa hiyo hofu ilikuwapo. Mpira ulichezwa, ukachezwa, hakuna mlango uliofunguka. Zikaja penalti. Nimewahi kukaa katika chumba cha mtihani wa Kidato cha Sita, lakini sijaona kimya kama kile cha watu maelfu wakimtazama mtoto mmoja akitembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kuuweka mpira chini. Mlinda mlango Ravi Murdianto akafanya kazi yake, na mkwaju wa mwisho wa Indonesia ukapigwa na Ilham Udin Armaiyn, kijana aliyetoka visiwa vya Maluku Kaskazini. 7–6. Pak, mtu mzima mwenye watoto watatu, alinikumbatia akalia begani mwangu. Sikuona aibu, maana na mimi nilikuwa nalia, wala si nchi yangu.

Nataka mlijue jambo moja kuhusu timu ile, kwani ndilo lililonifanya niifuatilie hata baada ya kurudi nyumbani. Mwalimu wake, Indra Sjafri, mzaliwa wa Sumatra Magharibi, alikuwa kabla ya hapo mfanyakazi wa Shirika la Posta. Sisi watumishi wa umma tunaosemwa kila siku kuwa hatuwezi kitu, tumpigie makofi kidogo. (Makofi.) Ahsanteni. Miaka ile uongozi wa kandanda wa Indonesia ulikuwa umegawanyika, kukawa na ligi mbili zinazogombana. Mwalimu huyu hakungoja wagombanao wapatane. Alizunguka mwenyewe, mji kwa mji na kisiwa kwa kisiwa, katika nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000, akitafuta vijana mahali ambapo hakuna mtu wa Jakarta aliyewahi kufika kutazama mpira. Timu aliyoijenga ilicheza kwa pasi fupi chini chini, na wachezaji walijuana kama ndugu wa nyumba moja.

Majuma matatu baada ya Sidoarjo, tarehe 12 Oktoba, vijana wale wale walicheza Jakarta na Korea ya Kusini, waliokuwa mabingwa wa Asia wa rika hilo. Mvua ilinyesha mpaka uwanja ukawa kama majaruba yetu ya mpunga. Nahodha Evan Dimas, mtoto wa Surabaya, akafunga mabao yote matatu, Indonesia ikashinda 3–2 na kupata nafasi ya kwenda fainali za Asia za mwaka 2014, huko Myanmar. Wangefika nusu fainali huko, wangekwenda Kombe la Dunia la Vijana, Nyuzilandi, mwaka 2015.

Hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo shauri letu la nne linapoingia.

Nchi nzima ilitaka kuwaona. Na ni haki yake. Nani asiyetaka kumwona mtoto wake aliyeshinda? Mwanzoni mwa 2014 ikapangwa ziara ya kuwazungusha vijana hao mkoa kwa mkoa, wakicheza na timu za wenyeji, huku televisheni ikionyesha moja kwa moja. Viwanja vilijaa. Baadaye wakapelekwa nchi za Ghuba, na Septemba wakapelekwa Hispania kujipima na timu za vijana za klabu kubwa. Pak alikuwa akiniandikia barua pepe, na mwanzoni zilikuwa za furaha. Kufikia katikati ya mwaka akaandika kwamba watoto wanaonekana wamechoka, na kwamba kila timu ya Asia sasa imekwisha wasoma kama gazeti.

Oktoba wakaenda Myanmar. Wakafungwa na Uzbekistan 3–1, na Australia 1–0, na Umoja wa Falme za Kiarabu 4–1. Mechi tatu, pointi hakuna. Mwalimu akaondolewa kazini. Mwaka uliofuata, kwa ugomvi wa wakubwa, Indonesia ikafungiwa na FIFA tangu Mei 2015 hadi Mei 2016, ligi ikasimama, na vijana wale waliokuwa na miaka 20, umri ambao mchezaji hukomaa kwa kucheza kila juma, wakakosa pa kucheza.

Siwezi kuapa kwamba ziara ndiyo iliyowaangusha. Uzbekistan na Australia si timu za kubeza, na mwaka wa kufungiwa ulikuwa balaa jingine lililojitegemea. Lakini hesabu hii naijua. Katika mashindano ya Sidoarjo vijana wale walicheza mechi 7 kwa siku 13, yaani mechi, siku moja ya kupumua, mechi tena. Hiyo ni kazi ambayo mtu mzima anayelipwa mshahara angeikatalia. Baada ya kazi hiyo mtoto hahitaji umati mwingine. Anahitaji kulala, kula, kwenda shule, na mwalimu wa kumwonyesha mguu wake wa kushoto ni wa kazi gani.

Tuwatazame walioshindwa usiku ule. Vietnam walifungwa kwa penalti 2013. Mwaka 2014 wakafungwa tena katika fainali, nyumbani kwao Hanoi, na Japani iliyoalikwa kama mgeni. Mwaka 2015 wakafungwa fainali ya tatu, na Thailand, mabao 6–0. Fainali tatu mfululizo, kombe hakuna. Na huko Myanmar mwaka 2014 nao hawakuvuka makundi. Kama ni kwa makombe, hao ndio wa kuchekwa.

Lakini vijana wengi wa timu ile ya 2013 walikuwa wametoka katika shule moja ya kandanda iliyo Pleiku, mji wa nyanda za juu, iliyoanzishwa mwaka 2007. Watoto waliingizwa humo wadogo wakafundishwa miaka, hakuna aliyewaharakisha. Mwaka 2015 klabu yao ya Hoang Anh Gia Lai ikafanya jambo la kijasiri, au la kichaa, mtachagua wenyewe: iliwaweka watoto hao kwa pamoja katika kikosi chake cha kwanza kwenye ligi kuu. Walifungwa sana. Waliponea chupuchupu kushuka daraja. Hakuna aliyewatoa. Januari 2018, huko Changzhou nchini China, theluji ikianguka, Vietnam ilicheza fainali ya Asia ya chini ya miaka 23, ikafungwa na Uzbekistan katika muda wa nyongeza. Baadhi ya wale wa Sidoarjo walikuwamo, Luong Xuan Truong na Nguyen Cong Phuong miongoni mwao, pamoja na wengine waliolelewa na klabu nyingine. Desemba mwaka huo huo Vietnam ikatwaa kombe la wakubwa la ukanda wote.

Na Myanmar, ambao Indonesia iliwafunga 2–1 katika makundi pale Sidoarjo, ndio waliofika nusu fainali ya Asia mwaka 2014 na kwenda Nyuzilandi. Hao hakuna aliyewatungia nyimbo 2013.

Nisije nikaonekana namsema vibaya yule mtu wa Posta. Waliomwondoa walimrudisha. Mwaka 2023 aliipatia Indonesia medali ya dhahabu huko Phnom Penh, ya kwanza tangu ile ya Manila, na Julai 2024 akalitwaa tena kombe la vijana, safari hii Surabaya kwenyewe, kwa kuifunga Thailand 1–0. Pak alinipigia simu usiku wa manane; kwake ilikuwa alfajiri na alikuwa hajalala. Nami nilifurahi naye. Lakini Februari 2025 vijana hao walikwenda fainali za Asia nchini China, wakafungwa na Iran 3–0, na Uzbekistan 3–1, wakatoka sare na Yemen, wakarudi nyumbani. Miaka 11 imepita na ngazi ni ile ile: kombe la jirani wanalipata, ngazi ya pili inawatupa.

Sasa nije nyumbani, nimalize.

Wale wa mwaka wetu mnakumbuka kombe tulilolitwaa tukiwa Kidato cha Tano. Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa akiba, yaani mbeba ndoo ya maji. Mnakumbuka nahodha wetu. Mnakumbuka pia kwamba baada ya kombe tulipakiwa kwenye lori tukatembezwa majuma matatu, tukicheza hapa Jumamosi na pale Jumapili, ili fedha zipatikane. Kwa ajili gani, wengi wenu mmesahau. Ilikuwa viti vya ukumbi, na baadhi yenu mmevikalia sasa hivi. Katika mechi ya tano nahodha alilalamika goti. Akafungwa bendeji, akaambiwa watu wamelipa kiingilio kumwona yeye. Akacheza ya sita. Akacheza ya saba dakika kumi na tano. Hakucheza tena mpira maishani mwake. Yumo humu ukumbini. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja jina akanikatalia, akasema niseme goti tu, inatosha.

Waliopanga safari ile hawakuwa watu wabaya. Nami niliyemmiminia maji kwenye goti lile nikamwambia "jikaze, kaka" nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, shauri la nne litakapofika nitasimama kulipinga, na ninaomba mnisaidie. Mabati ya bweni tununue sisi. Tumehudhuria hapa leo wanachama 84, kwa orodha niliyoiona mlangoni, na fundi ameniambia yanatakiwa mabati 126. Kila mmoja akitoa bati moja na nusu kazi imekwisha, na wavulana wanakwenda likizo makwao, wakalale, wakalime kidogo na mama zao. Mimi nimemkabidhi Mweka Hazina fedha za mabati matano kabla sijapanda jukwaani, na stakabadhi ninayo mfukoni. Zimebaki 121.