Laini kwa Jina la Nani?

Wenyeji wetu wa Kilosa na Mikumi,

Tukitaja upendeleo wa kijinsia mtandaoni, mawazo hukimbilia matusi anayoporomoshewa mwanamke akitoa maoni yake. Matusi hayo yapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji wa aina hiyo. Leo nazungumzia upendeleo mwingine, usiotukana mtu.

Mchukueni mama anayetoa vitunguu Malolo na kuviuza kando ya barabara kuu pale Mikumi. Mteja analipa kwa simu, na jina linalomtokea ni la mume wa mama. Mwaka 2019 usajili wa laini ulianza kudai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa. Waliokosa namba, wengi waliazima kidole cha mume, kaka au jirani. Simu ikaita, tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu Vodacom na benki ya CBA walipoleta huduma ya mikopo ya M-Pawa mwaka 2014, mkopo wa simu hupimwa na mashine kwa historia ya laini. Basi jasho la mama huyu humpandishia mume kiwango cha mkopo. Yeye mwenyewe, mbele ya mashine, hajawahi kuuza hata kilo moja. Akibanwa, kilichobaki ni mikopo ya kausha damu, au programu zinazomwaibisha mdaiwa kwa ndugu na marafiki zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni.

Mashine haina kinyongo na mwanamke. Inajua kile tu ilicholishwa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu zinazotambua jinsia kwa sura. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea karibu mara 35 katika kila 100. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika 1. Picha za wanaume na za weupe ndizo zilizojaa katika mikusanyiko mingi ya picha iliyotumika kwa mashine za namna hiyo.

Kwamba mwenye jina kwenye rekodi ndiye huhesabiwa, Kilosa mnalijua kupitia ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini mgogoro ukizuka, swali la kwanza ni hati ina jina la nani.

Napendekeza mambo matatu. Usajili wa NIDA uwafuate akina mama kwenye magulio na vikao vya vikoba, vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Wakopeshaji walipokee daftari la kikoba kama ushahidi wa uaminifu. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa nguvu ya sheria yake ya 2022, iwabane wakopeshaji wamweleze mtu kwa Kiswahili kwa nini mashine imemnyima.

Hayo ni ya wakubwa. Letu la leo ni dogo: kabla hamjatoka humu, kila mmoja apige *106# aone laini yake imeandikwa jina la nani.