Maikrofoni ya Uwanjani ni Dhamana
Nasaha kwa vijana watangazaji wa mpira, Kinoru, Meru



Marehemu Leonard Mambo Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964. Wengi vijijini waliuona mpira kupitia maneno yake redioni.

Nanyi mkitangaza hapa Kinoru au kule Moi Stadium, Embu, umati unawategemea. Mtoto akipotea, waelezeni wazazi mahali pa kumpata. Watu wakisukumana langoni, semeni polepole. Mkipiga kelele mtawatia hofu. Refa akikosea, msiwachochee mashabiki, maana neno moja laweza kuumiza watu.

Tangu 1966, Mbotela aliwauliza Wakenya redioni: “Je, huu ni ungwana?” Jiulizeni hivyo kabla ya kufungua maikrofoni.