Vicheko Vilivyoitangulia Kamera: Ukumbi wa Usiku na Vichekesho vya Runinga vya Miaka ya 90



Kilichonisimamisha hapa leo ni kauli moja. Katika kongamano la mwaka juzi, msomi mwenzangu ambaye kazi zake huwa nazisoma kwa makini alisema kwamba vichekesho vya runinga vya Tanzania Bara vilizaliwa na runinga yenyewe, mwaka 1994, na kwamba kilichokuwapo mijini kabla ya hapo kilikuwa kelele za baa. Wengi waliafiki. Nyuma yangu alikuwa ameketi mzee mmoja aliyeigiza miaka hiyo. Nilimsikia akisonya. Nimekuja kuueleza msonyo ule.

Ya awali mnayajua, sitawachosha nayo: vikundi vya taifa vya baada ya uhuru, sarakasi iliyofunzwa China, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa 1981, zama za ruksa na soko huria, vyama vingi 1992. Nayapita.

Mtazameni mwigizaji wa zamani anapoalikwa studio kukumbuka enzi zake. Mtangazaji humuuliza kuhusu kamera. Hujibu kwa sentensi mbili, kisha huyoo, kaingia ukumbi wa DDC Kariakoo, kapita Vijana Kinondoni, katokea Mango Garden na Lang'ata, anataja nani alitunzwa usiku ule na umeme ulikatika kwenye igizo gani. Wakikutana wawili watatu waliocheza pamoja ndiyo kabisa, runinga inasahaulika. Mtangazaji hucheka, hutazama saa, huwarudisha kwenye mada. Sisi wachambuzi nasi tukipata mahojiano hayo, sehemu ya kumbi huwa tunaikata na kuiita kumbukumbu za ujana. Mimi nasema ile ndiyo iliyokuwa mada.

Nianze na mwaka wenyewe. Ni kweli sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV, DTV na CTN zikaanza kuonekana Dar es Salaam. Ni kweli pia kwamba waigizaji wa Kaole na Mambo Hayo, ambao wengi wenu mmekua nao sebuleni, walikuja baada ya hapo. Lakini mnara wa matangazo kutangulia mchezo hakuufanyi uwe mama wa mchezo. Kuchekesha ni kazi ya mikono kama useremala. Ina miaka yake ya kuharibu mbao. King Majuto wa Tanga, Amri Athumani, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa jukwaani tangu utotoni. Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki 2014, alifika mbele ya kamera akiwa na sauti, sura na mwendo vilivyokwisha kuiva. Viliiva wapi?

Mwenzangu ana jibu: redio na jukwaa la shule. Redio naipokea kwa mikono miwili. Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania waliwazoesha watu ucheshi wa watu wawili, na zoezi hilo halikupotea. Lakini redio haina mwili. Haimfundishi mtu namna ya kuingia kwa mgongo, namna ya kukaa kwenye kiti kibovu bila kukitazama. Jukwaa la shule, kwa upande wake, lina mwalimu ameshika maandishi, na anayekosea neno husahihishwa. Michezo mingi ya runinga ya miaka ile ilichezwa na watu waliopewa kisa, hawakupewa maneno. Huyu mume amerudi bila mshahara, huyu mke ameshaambiwa na jirani: haya, chezeni. Ustadi huo shuleni hakuna aliyeufundisha. Wengi wetu tulichapwa kwa kuujaribu.

Sasa hizo kelele za baa.

Onesho la Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, au la Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba, lilikuwa na mambo mengi usiku mmoja: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo refu zaidi, dansi, na mwishoni taarabu ya mipasho, ambako kwa miaka kadhaa mji uligawanyika kati ya mashabiki wa Khadija Kopa na wa Nasma Khamis Kidogo. Kiingilio cha mlangoni ndicho kilichokilisha kikundi. Bia zilimlisha mwenye ukumbi. Tazameni kichekesho kimewekwa wapi. Kimekaa katikati, watu wakiwa bado wanaingia, mhudumu anapita na sinia, na akina mama waliokuja kwa ajili ya taarabu tu ndio kwanza wanashuka kwenye teksi. Mchekeshaji alitakiwa kuwashika watu ambao hawakumfuata yeye.

Hapo ndipo ufundi ulipotengenezwa. Kwa kuwa kila dakika kuna aliyeingia sasa hivi, kisa lazima kirudiwe ndani ya mazungumzo bila kuwachosha waliokuwapo tangu mwanzo. Basi jirani mbeya anaingia na kulisimulia upya tatizo zima kwa kulikosea, na kukosea kwake ndiko kunakochekesha. Kwa kuwa taa ni hafifu na meza za nyuma ziko mbali, mhusika lazima atambulike kwa umbo: tumbo la matambara, suruali iliyopandishwa hadi kifuani, unga usoni, bakora. Kwa kuwa walevi hujibu, mwigizaji lazima ajue kumpokea anayejibu na kumwingiza kwenye mchezo bila kuupoteza. Chukueni mkanda wowote wa vichekesho vya runinga vya miaka ile. Jirani mbeya yupo, tumbo lipo, kisa kinarudiwa. Sebuleni kwako hakuna anayechelewa kuingia na hakuna meza ya nyuma. Vitu hivyo vinafanya nini pale, kama havikutoka ukumbini?

Mjomba wangu alikuwa mkata tiketi katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na Jumapili mbili tatu alinipitisha mlangoni kwa sharti kwamba nisimame karibu yake na nisiombe soda. Kutoka pale jukwaa sikuliona vizuri. Nilichokiona vizuri ni watazamaji. Mjomba alikuwa akisikiliza kwa kuwapa mgongo waigizaji, na kabla kicheko hakijalipuka alikuwa ameshakunja daftari la tiketi, kwa sababu anajua sasa watu watasimama na wengine watatoka kununua. "Sikiliza," aliniambia, "anawasubiri." Nilichelewa miaka mingi kuelewa kwamba alinipa somo langu la kwanza la sanaa za maonyesho.

Hapa naomba mnivumilie, maana nafika kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika uwanja huu, na hakihusu Dar es Salaam. Ni *Power and Performance* cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian, kilichotoka 1990. Mwaka 1986 Fabian alikuwa Lubumbashi, katika Kongo ya leo. Mezani akapewa firigisi ya kuku, na alipotaka kugawana na wenzake akazuiwa kwa msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Kwetu pwani nani asiyejua firigisi huwekewa nani? Msemo ukamkaa moyoni, akaupeleka kwa kundi la Mufwankolo, waigizaji ambao mji mzima uliwajua kwa michezo yao ya Kiswahili katika runinga, akawauliza maana yake. Hawakumjibu kwa maelezo. Walibishana, wakaupindua, kisha wakaamua kuutengenezea mchezo.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba Fabian hakungoja mchezo ukamilike. Alirekodi ubishi, akarekodi ugawaji wa nafasi na mazoezi, akayachapa kwa Kiswahili chao cha jimbo la Shaba, pamoja na tafsiri. Unaona mstari ukizaliwa Jumatatu kama utani, unakufa, unafufuka siku nyingine kinywani mwa mtu mwingine. Unaona mwigizaji akikataa jambo kwa sababu watu hawatalikubali, na "watu" anaowasema ni watazamaji anaowajua kwa miaka. Kamera inakuja mwisho kabisa, katika kijiji cha Kawama nje ya mji, wakati kazi imekwisha kufanyika. Nimekisoma na wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara yupo anayeinua mkono kuuliza: mwandishi wa mchezo huu ni nani? Sijapata swali bora zaidi darasani. Mwandishi ni mabishano ya kundi, na mabishano yale yamejaa watazamaji waliopita.

Najua pingamizi: Lubumbashi si Kinondoni. Sawa. Sitoi Fabian kama ushahidi wa lililotokea Dar. Namtoa kuonyesha kwamba mchezo wa runinga wa Kiswahili ulioigizwa bila maandishi unaweza kufuatiliwa hadi kwenye asili yake, kama mtu atakubali kuanza kusikiliza kabla kamera haijawashwa. Hapa kwetu mtafiti Siri Lange aliyaandika makundi ya Dar es Salaam mapema, 1995, na Laura Edmondson akayapa kitabu kizima 2007, akionyesha kwamba yaliyotokea jukwaani yalitengenezwa na dola, soko, wasanii na watazamaji kwa pamoja. Kelly Askew naye alitufundisha kuitazama noti inayotunzwa kama kauli: anayenyanyuka na noti juu anasema jambo, na anachagua mstari gani wa kulisemea. Yeye aliliona zaidi katika taarabu. Mchekeshaji naye alitunzwa, na noti ilimwambia palepale mstari gani ubaki wiki ijayo.

Nimpe mwenzangu haki yake. Runinga ilileta kitu ambacho ukumbi haukuwa nacho: uso kwa karibu. Mwigizaji aliyezoea kucheka kwa mabega akagundua jicho. Iliwapa vichekesho watoto, wagonjwa, na wanawake ambao waume zao hawakuwaruhusu kutoka usiku. Na sitasema ukumbi ulikuwa mahali pasafi. Palikuwa na ulevi, wasichana wa vikundi walisumbuliwa, malipo yalichelewa au hayakuja, na ngoma za watu zilikatwa vipande ili zitoshee kati ya bia na bia. Waliolalamika kwamba biashara iliiumiza ngoma walikuwa na haki ya kulalamika. Nimeyapima hayo yote kwa muda mrefu. Bado naamini kwamba ukiuondoa usiku wa Dar es Salaam kwenye hesabu, vichekesho vya miaka ya 90 havieleweki, na kwamba aliyekipa kizazi hicho mizani ya vicheko alikuwa mlipa kiingilio.

Mwaka jana nilimtembelea mzee yule aliyesonya, nikiwa na kompyuta yenye mchezo wake mmoja wa zamani. Nilitaka anieleze jambo lililonisumbua kwa miaka. Katikati ya ugomvi wa mume na mke, anasema mstari wake, kisha anakaa kimya, uso mkavu, sekunde nne nzima. Mwenzake naye kanyamaza. Studio tupu, hakuna anayecheka. Mara kwa mara nimesikia kimya hicho kikitajwa kuwa dalili ya uigizaji mchanga, watu waliosahau maneno mbele ya kamera.

Alitazama mara moja. Akaniomba nirudishe nyuma. Mara ya pili hakuitazama skrini. Alifumba macho, na mstari ulipokwisha akainua kidole, akakishikilia hewani kwa sekunde zote nne, akakishusha sawasawa na neno lililofuata.

"Hapo wanacheka Vijana," alisema. "Meza za kushoto kwanza, halafu wale wa mlangoni."