Hakuna Aliyeuliza ni Ghorofa ya Ngapi

(Maneno yaliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wanajumuiya, jioni ya vijana, katika wiki ya kuadhimisha Uhuru wa Tanzania Bara, Muscat)

  

Kamati ilituomba sisi wauguzi tuwape vijana mawaidha ya dakika kumi kabla hawajapanda jukwaani. Tulilizungumza jambo hilo kwenye gari tukitoka zamu ya usiku, tukaona wanaohitaji mawaidha ni sisi wakubwa. Kwa hiyo vijana mtuvumilie kidogo, tunasema na wazazi wenu.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka ya themanini na tisini. Tunakumbuka siku ya mgeni rasmi: uwanja umemwagiwa maji kutuliza vumbi, sare zimepigwa pasi ya mkaa, sisi tumepangwa mistari tunaghani ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala alizieneza ngonjera, na baada ya Azimio la Arusha zilifanya kazi kubwa ya kuifikisha siasa ya nchi vijijini. Hatuzibezi. Lakini tuseme kweli, maneno yalikuwa ya mwalimu. Kazi yetu ilikuwa kukariri, kunyoosha mkono pale penye "ndugu mgeni rasmi", na kutosahau ubeti. Hatukumbuki hata mara moja mgeni rasmi kumgeukia mtoto na kumwuliza swali juu ya alichokisema.

Desturi hiyo tulipanda nayo ndege mpaka Muscat.

Mwaka jana, kwenye sherehe kama hii, ratiba ilikuwa na kipengele kinachoitwa risala ya vijana. Tulimchagua binti mmoja wa miaka kumi na saba, msikivu, anayejua Kiswahili vizuri. Risala tuliandika sisi. Ilikuwa na Mlima Kilimanjaro, Serengeti, amani na utulivu, na vijana taifa la kesho. Akasoma aya ya kwanza, kisha akaikunja karatasi. Akasema anataka kumzungumzia dada mmoja anayekutana naye kwenye mapipa ya taka ya mtaani kwao, Ghubra. Yule dada anafanya kazi za ndani kwenye jengo hilohilo. Kutupa taka ndiyo safari yake pekee ya nje. Kila wakikutana anaomba simu, dakika moja tu, ampigie mama yake Singida, kwa sababu simu yake imechukuliwa na pasipoti yake pia. Halafu binti akauliza: "Huyu dada ni wa jumuiya yetu, au wa jumuiya ni wenye kadi tu?"

Sisi tuliokuwa meza ya kamati tukatazamana. Tulikuwa na wageni. Kila mmoja wetu hapa anaishi kwa viza inayofungamana na kazi, na hofu hiyo mnaijua bila sisi kuieleza. Mmoja wetu akamkonyeza mshereheshaji, muziki ukaingia. Na tukapiga makofi. Tulipiga makofi mengi, ukumbi mzima, na mpaka leo tunaona yale makofi yalikuwa mabaya kuliko muziki.

Ilipita zaidi ya miezi miwili ndipo mmoja wetu akakutana na binti huyo dukani, akampongeza kwa ujasiri. Akajibu kwa adabu zake zote: "Asante, Anti. Ila hakuna aliyeniuliza ni ghorofa ya ngapi." Kumbe alikuwa anajua ghorofa, anajua mlango, anajua na saa ambazo mwenye nyumba hayupo. Tukaenda, wawili, na sahani ya vitumbua kama majirani. Anayefanya kazi pale sasa ni mwingine, si Mtanzania. Yule wa Singida aliondoka, na hakuna kwenye jengo anayejua kama alirudi nyumbani au alihamishiwa nyumba nyingine.

Hatusemi kila nyumba ya hapa ni hivyo. Kuna familia za Kiomani zinazoishi na dada zetu kama watoto wao, na wapo wazee wa hapa, waliozaliwa Unguja au Pemba, ambao wakilazwa wodini kwetu wanatusahihisha Kiswahili. Bibi mmoja alimwambia muuguzi wetu kwamba Kiswahili chake kimejaa mashimo kama chandarua cha zamani! Lakini jambo lenyewe halikuwa siri. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu, wakiwa wamehojiwa wanawake 50. Tulitumiana kwenye WhatsApp. Tukaandika "inasikitisha sana". Ikashuka chini ya picha za harusi.

Sasa tuwaeleze tunavyofanya kazini. Wodini, zamu zinapobadilishana asubuhi, kuna makabidhiano. Tuliosomea digrii zetu ughaibuni tulikutana huko na jambo lililotushangaza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mdogo kuliko wote chumbani, ndiye anayetoa ripoti. Anasema: mgonjwa wa kitanda cha sita hakulala, anashika tumbo upande wa kulia. Na daktari bingwa, mvi kichwani, anamgeukia: tangu saa ngapi? Presha ilikuwa ngapi? Umemjulisha nani? Wengine wanaandika. Hapo hakuna makofi. Yule mwanafunzi anatoka jasho, lakini anatoka pale akijua mgonjwa wa kitanda cha sita amepata mtu. Sisi tuliotoka kwenye ngonjera ilituchukua muda mrefu kuzoea kuulizwa. Mwanzoni tulidhani tunasutwa.

Na hawa tunaowasherehekea wiki hii walikuwa na umri gani? Mwalimu Nyerere alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, tarehe 7 Machi 1955, alikuwa na miaka 32, mwalimu wa shule ya Pugu. Nauli yake ilikuwa imechangwa, na mtu akichangia nauli anataka kujua umejibiwa nini. Bibi Titi Mohamed alianza kuwahutubia wanawake wa Dar es Salaam mwaka huohuo, hajafika miaka 30, elimu yake ya shule ya msingi, umaarufu wake ukiwa wa kuimba kwenye ngoma. Wanawake wale hawakwenda kumshangilia tu. Walichukua kadi za TANU, wakaenda kuwaambia wenzao.

Mfano wa karibu zaidi ni Rebeca Gyumi. Alizungumza na vijana miaka mingi kupitia kipindi cha televisheni cha Femina, akasimama majukwaani kuwatetea wasichana. Angeweza kuishia hapo, akapewa maua. Badala yake alikwenda mahakamani kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na hukumu ileile. Miaka ikapita bila marekebisho kufanyika. Tunalitaja hili la mwisho makusudi, ili kijana anayepanda hapa leo asidhani dakika zake tano zitamaliza jambo.

Wazazi, tumeiomba kamati mambo machache na imekubali. Hakuna risala iliyoandikwa na mtu mzima. Atakayekwama Kiswahili achanganye Kiingereza au Kiarabu, na atakayemcheka tutamtoa nje akasaidie kukaanga sambusa. Kila kijana akimaliza, watu wazima watatu watamwuliza swali, swali la kweli, la lini na wapi na nani, si "umejifunza nini". Kuna daftari hapa mbele. Kila jambo litaandikwa na jina la mtu mzima atakayelifuatilia, na tarehe ya kurudisha jibu. Yale yasiyofaa kusemwa hadharani, kwa usalama wa mtu, kijana atayasema kwetu pembeni, na nayo yataandikwa. Hilo binti wa mwaka jana ndiye aliyetufundisha: alituambia laiti angepewa mtu wa kumwambia pembeni, asingehitaji kipaza sauti.

Tulimwomba azungumze tena leo. Amekataa. Amesema atashika daftari.

Wa kwanza kwenye orodha ni kijana wa miaka kumi na tisa, amemaliza shule, viza yake inafuata kazi ya baba yake, na baba yake ameachishwa kazi mwezi uliopita. Kaka, panda. Karatasi yako hatujaiona.