KUNUNUA KOMPYUTA ZILIZOKARABATIWA KIWANDANI

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwa wajumbe wa Mkutano Mkuu



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wasemaji waliotutangulia wamekwisha kusema juu ya pamba, maghala na malipo ya wakulima. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hayo, nalo ni kompyuta mpakato, zile ambazo wengi wetu twaziita laptopu. Bodi inashauri zinunuliwe kwa ajili ya makarani wa vyama vya msingi. Inashauri pia kwamba zisiwe mpya, bali zilizokwisha kutumika na kukarabatiwa na kiwanda kilekile kilichoziunda, na kwamba tununue kwa kiwanda chenyewe au kwa wakala anayetambuliwa nacho.

Twajua wako wanaouliza: Je, baada ya miaka kumi, Chama kimefika mahali pa kununua mitumba? Swali hilo ni la haki, maana fedha ni zenu. Yatupasa tulijibu waziwazi kabla hamjapiga kura.

Kwanza, na tukumbuke kwa nini ushirika ulianzishwa katika nchi hii. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuata Chama Kikuu cha KNCU. Huku kwetu kwenye pamba, wazee wetu walinung'unikia mizani za wanunuzi. Mkulima alipeleka mzigo wake, mwenye mizani akasoma uzito anaoutaka yeye, na mkulima akapokea alichopewa. Wakulima wakajifunza kuweka watu wao wenyewe wa kuitazama mizani, na chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani vyama vikaenea, hata mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo ushirika ulianza kwa mambo mawili: kumwondoa dalali asiye na kazi ya maana katikati, na kuisimamia mizani sisi wenyewe. Twaomba mambo hayo mawili yakae mioyoni mwenu, kwa sababu yatatuongoza katika shauri hili la kompyuta.

Kazi ya mashine hizi katika chama cha msingi mnaijua. Karani huandika uzito wa kila mzigo, jina la mkulima, deni la pembejeo na kiasi anachostahili kulipwa. Taarifa za chama nazo siku hizi hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa kompyuta uitwao MUVU. Mashine ikifa katikati ya msimu, anayeumia ni mkulima aliyekwisha kupima pamba yake na bado hajaiona fedha yake. Kwa sababu hiyo hatununui pambo la meza ya ofisi. Twanunua chombo cha kazi, kama vile mizani.

Sasa, kompyuta iliyokarabatiwa kiwandani ni kitu gani? Asili zake ni nyingi. Iko iliyorudishwa na mnunuzi ndani ya siku alizoruhusiwa, labda kwa kuwa hakuipenda tu. Iko iliyoagizwa na agizo likafutwa kabla haijafika. Iko iliyopata mkwaruzo njiani. Iko pia iliyokodishwa na ofisi kubwa kwa miaka michache, kisha ikarudi mkataba ulipokwisha. Kiwanda huifuta habari za mwenyewe wa kwanza, hukipima kila kiungo, hubadili kilichoharibika, huweka programu upya, huisafisha, kisha huiuza kwa bei iliyopungua pamoja na dhamana iliyoandikwa.

Makampuni makubwa hufanya biashara hii hadharani. Dell, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Michael Dell alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilijengwa tangu awali juu ya wazo la kumuuzia mtumiaji moja kwa moja pasipo duka katikati. Leo ina duka lake la mashine zilizorudi, liitwalo Dell Outlet. Apple huuza zake zilizokarabatiwa kwa dhamana ya mwaka 1, sawa na ile ya mashine mpya. Lenovo na HP nazo zina mipango yao ya namna hiyo.

Tofauti ya mashine hizi na zile zilizopangwa barabarani mjini si rangi wala jina lililoandikwa juu yake. Neno "imekarabatiwa" halina mlinzi. Mtu yeyote mwenye kitambaa cha kufutia vumbi aweza kulitamka. Tumewahi kuiona mashine iliyouzwa kwa maneno matamu, nje inang'aa kama kioo, lakini betri yake haikukaa na moto hata nusu saa, na muuzaji alipotafutwa alikuwa amehama chumba. Katika kununua kwa kiwanda, punguzo la bei ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kuwa na mtu wa kujibu mashine ikiharibika.

Lakini, ndugu wanachama, hapa ndipo twataka mtusikilize kwa makini. Ukimwondoa dalali, kazi aliyokuwa akiifanya haiondoki pamoja naye. Hubaki mlangoni pako, ikingoja mtu wa kuifanya. Wako waliovunja ushirika kwa kulisahau neno hili. Walimfukuza mnunuzi wa pamba, wakasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa na gari, ghala na turubai.

Maduka hayo ya viwanda huuza katika nchi maalum, kama Marekani na Uingereza, nayo hupeleka mzigo kwenye anwani za nchi hizohizo. Hayaleti mpaka kijijini kwetu. Basi hatuna budi kupata wakala wa usafirishaji, kulipa bima ya njiani, na kuuliza mapema kwa Mamlaka ya Mapato na Shirika la Viwango kodi zipi na vyeti gani vitatakiwa, kabla hatujatoa hata senti moja. Betri za lithiamu zina masharti yake katika ndege. Tena, tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel umekaza masharti juu ya takataka za vyombo vya umeme zinazovuka mipaka. Mashine iliyopimwa ikafanya kazi, ikafungwa vizuri na kuwa na karatasi zake, ni bidhaa. Mashine mbovu iliyotupwa ndani ya kontena ni takataka, na Afrika imekwisha kupokea takataka za kutosha.

Dhamana nayo ichunguzwe. Dhamana iliyotolewa Uingereza yaweza kumtaka mwenye mashine airudishe Uingereza, na gharama ya kuirudisha yaweza kuimeza faida yote. Ndiyo maana Bodi imeongeza maneno "au kwa wakala anayetambuliwa". Yafaa tumwandikie wakala wa kiwanda aliyeko Dar es Salaam, tumuulize kama aweza kutuletea mashine zilizokarabatiwa na kiwanda, na kama fundi wake atazitengeneza hapa nchini. Akikubali kwa maandishi, ujira wake ni halali, kwa kuwa ana kazi anayoifanya.

Baada ya hayo inakuja mizani yetu wenyewe, yaani ukaguzi. Tumeandika mambo matano ambayo kila mashine itapimwa kwayo siku ya kupokelewa.

Jambo la kwanza ni namba ya mashine. Kila mashine ina namba yake iliyochapwa upande wa chini. Kwa Dell ni alama ya herufi na tarakimu 7. Namba hiyo ikiingizwa katika tovuti ya kiwanda, dhamana yake huonekana mpaka siku itakapokwisha. Namba ikikataa, mashine haipokelewi.

Jambo la pili ni umri wa mashine. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya bure ya kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hutaka memori ya GB 4 au zaidi, nafasi ya kuhifadhia ya GB 64 au zaidi, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel Core hutaka kizazi cha 8 au cha baadaye, vizazi vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2014, hata ikiwa rahisi kama bure, hukosa ulinzi huo. Sisi twashauri memori isipungue GB 8, ili karani asingoje mashine huku wakulima wakimngoja yeye.

Jambo la tatu ni betri. Windows ina amri ya kutoa taarifa ya betri, inayoonyesha uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyobaki nao. Tuweke kiwango katika mkataba. Twapendekeza asilimia 80, na iliyo chini ya hapo muuzaji aibadili.

Jambo la nne ni umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Chaja nyingi za laptopu hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, nayo huandikwa juu ya chaja yenyewe. Mashine ya Uingereza huja na plagi ya pini tatu kama zetu. Ya Marekani itahitaji waya mwingine.

Jambo la tano ni kazi yenyewe. Mashine iwashwe saa kadhaa, kila kitufe cha kibodi kibonyezwe, kioo kitazamwe, na intaneti ijaribiwe mbele ya karani atakayeitumia.

Tukifika kwenye hesabu, twatoa mfano wa kufikiria tu, maana bei hubadilika. Tuseme mashine mpya ya namna tunayoitaka ni shilingi 1,600,000. Iliyokarabatiwa kiwandani ni shilingi 900,000. Usafiri, bima, kodi na forodha ni shilingi 250,000. Fungu la betri na matengenezo ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 1,300,000, na tumeokoa shilingi 300,000 kwa kila mashine. Kwa mashine 20 ni shilingi 6,000,000. Tukinunua mbili zaidi za akiba, zikae ghalani zikingoja mashine itakayoharibika wakati wa msimu, tutatoa shilingi 2,600,000, na bado zimebaki shilingi 3,400,000. Lakini ikiwa usafiri na kodi vitapanda kutoka shilingi 250,000 hadi 550,000, faida yote imekwisha, na hapo mashine mpya ya hapahapa yenye dhamana ya hapahapa ni bora. Kwa hiyo hatuwaombi mpitishe mitumba kwa kuwa ni mitumba. Twawaomba mpitishe hesabu, nayo ndiyo itakayoamua.

Liko neno moja zaidi, ambalo husemwa nje ya mkutano kuliko ndani yake. Wanachama huogopa kwamba penye manunuzi pana mtu anayekula. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Twapendekeza bei za wauzaji wasiopungua watatu zisomwe mbele ya Bodi, ankara zibandikwe ubaoni, na namba ya kila mashine isomwe katika mkutano wa chama cha msingi kinachoipokea, iandikwe katika daftari la mali na kutiwa sahihi na karani pamoja na wanachama wawili. Mashine yenye namba iliyosomwa mbele ya watu haipotei kirahisi, wala haiwezi kubadilishwa usiku kwa iliyochakaa.

Vilevile, siku mashine zetu zitakapozeeka, zisiuzwe na habari za wakulima ndani yake. Majina yenu, namba zenu za simu na akaunti zenu za benki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama kiwanda hufuta habari za mwenyewe wa kwanza, nasi tufute kabla ya kumpa wa pili.

Bwana Mwenyekiti, hoja iliyo mbele ya Mkutano ni hii: Bodi ipewe ruhusa ya kutafuta bei za kompyuta zilizokarabatiwa na viwanda vyenyewe, izilinganishe na bei za mashine mpya zikiwa na gharama zote mpaka kijijini, na inunue pale tu ambapo faida imeonekana na dhamana imeandikwa. Ruhusa hiyo isizidi hapo.

Wazee wetu hawakuikataa mizani kwa kuwa mnunuzi alidanganya nayo. Waliisogelea, wakajifunza kuisoma, wakaweka mtu wao pembeni yake. Nasi tunaliweka jambo hili mbele yenu kwa roho hiyohiyo, tukingoja maswali yenu na kura yenu.